Aniceti Kitereza na Wasomaji Wake: Maisha ya Mwandishi wa Ukerewe katika Zama za Riwaya ya Kijasusi

Ikisiri

Makala haya yanasimulia maisha ya Aniceti Kitereza (1896–1981), mwandishi wa kisiwa cha Ukerewe, kwa kuyatazama kupitia suala moja, nalo ni msomaji. Kitereza alimaliza riwaya yake mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Katika miaka hiyo 35 riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa, ikakua, na kufikia riwaya ya kijasusi ya vita vya ukombozi, ambayo mfano wake mashuhuri ni Kikosi cha Kisasi cha A. E. Musiba (1979). Tunadai kwamba maoni ya wasomaji juu ya riwaya ya namna hiyo yanatusaidia kuelewa ni msomaji wa aina gani Kitereza alimkosa, na kwamba wahakiki hawajaitendea haki kamili riwaya ya mmoja wala ya mwingine.

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kuziweka mbalimbali riwaya pendwa na riwaya dhati. Ya kwanza husemwa kuwa ina wasomaji wengi na wahakiki wachache. Ya pili ina wahakiki wengi na wasomaji wachache. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani, lakini unatuficha jambo moja: riwaya zote mbili hutoka katika jamii moja, hupita katika mikono ya wachapishaji walewale, na mara nyingine humwendea msomaji yuleyule.

Mwaka 1979 Musiba alitoa Kikosi cha Kisasi, riwaya ya pili kati ya zinazomhusu jasusi Willy Gamba, baada ya Kufa na Kupona (1974). Mwaka uliofuata Tanzania Publishing House ilitoa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, kazi ya mzee wa Kagunguli aliyekuwa amekwisha kutimiza umri wa miaka 84. Kitabu cha kwanza kilikuwa kipya kwa kila hali. Cha pili kilikuwa na umri wa miaka 35 kabla ya kuzaliwa kwake rasmi. Ili kuelewa jinsi jambo hili lilivyotokea, yatupasa kuanza na maisha ya mtu mwenyewe.

2.0 Ukoo, Misheni na Seminari

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa Abasilanga, uliotoa watawala wa Ukerewe wenye cheo cha Omukama. Wakati huo kisiwa kilikuwa kimekwisha kuingia katika himaya ya Wajerumani, lakini mfumo wa utawala wa jadi, ngoma zake, miiko yake na adabu zake za salamu ulikuwa ungali hai. Baba yake alifariki Kitereza angali mdogo. Hivyo alikulia kati ya dunia mbili: nyumba ya jamaa wa mtawala, na misheni ya Mapadre Weupe iliyokuwa Kagunguli.

Kutoka Kagunguli alipelekwa katika seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, katika eneo la Bukoba. Huko alipata elimu ambayo vijana wachache sana wa Afrika Mashariki waliipata wakati ule. Alijifunza Kilatini, lugha ya Kanisa, na Kijerumani, lugha ya dola. Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hili bila kutua. Kijana aliyezaliwa katika Kikerewe alifundishwa kuichambua lugha ya Kirumi sentensi kwa sentensi, na kwa njia hiyo akajifunza kwamba lugha yoyote ina muundo unaoweza kuandikwa na kuhifadhiwa. Uangalifu wake wa baadaye katika kutaja kila chombo, kila mmea na kila tendo kwa jina lake una mizizi katika shule hii, kama ulivyo na mizizi katika masimulizi ya wazee wake.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika ziwani angali seminarini. Waingereza waliitwaa Ukerewe mwezi Juni 1916 na mji wa Mwanza mwezi Julai mwaka huohuo. Lugha ya dola ikabadilika, na Kijerumani alichokisomea kikapoteza thamani yake sokoni. Kitereza hakuendelea hadi upadre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura, akaanza maisha ya mlei.

3.0 Mwanza, Ndoa na Msiba wa Nyumba

Katika kipindi cha kati cha maisha yake Kitereza alifanya kazi Mwanza, kwa mfanyabiashara wa Kiitalia. Mwanza ya miaka hiyo ilikuwa imekwisha kuwa bandari ya pamba. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na meli ziliunganisha mji huo na Bukoba, Musoma, Kisumu na Port Bell. Mkerewe aliyeishi pale alisikia Kisukuma, Kijita, Kihaya, Kizinza, Kiswahili, Kihindi na Kiingereza katika siku moja. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, kazi ile ilikoma, naye akarudi Ukerewe kuitumikia misheni ya Kagunguli kwa kalamu yake, hasa katika kutafsiri na kuandika maandishi ya dini.

Nyumbani kwake kulikuwa na huzuni ambayo msomaji wa riwaya yake hana budi kuifahamu. Watoto ambao yeye na Anna walijaliwa walifariki wangali wachanga, nao wakazeeka pasipo mtoto. Katika jamii iliyompima mtu kwa uzao wake, na ambamo mume wa mke asiye na mtoto alishauriwa na jamaa zake aoe mwingine, Kitereza alibaki na Anna. Imani yake ya Kikatoliki ilikuwa na sehemu katika uamuzi huo, lakini si rahisi kuamini kwamba ilikuwa sababu pekee.

4.0 Muswada wa 1945 na Wasomaji wa Kwanza

Riwaya aliyoiandika ni habari ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamshinikiza aoe mke wa pili. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao warudi naye kwao. Myombekere anakwenda kumwomba, anatozwa pombe ya ndizi kama fidia, anahangaika kuitengeneza, na hatimaye anarudishiwa mkewe. Mganga anamtibu Bugonoka, naye anajifungua Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Sehemu ya pili inafuata maisha ya watoto hao. Yote haya yamewekwa katika Ukerewe ya kabla ya ukoloni, pamoja na kilimo chake, uvuvi wake, uwindaji wa viboko, tiba, ndoa na mazishi.

Kitereza aliiandika kwa Kikerewe, lugha ambayo katika mpango wa Guthrie imo katika kundi moja na Kihaya, Kizinza na Kijita. Aliimaliza mwaka 1945. Tukumbuke nafasi ya mwaka huo: Kusadikika ya Shaaban Robert ilikuwa bado miaka sita ichapishwe. Kazi ya Kitereza ni miongoni mwa riwaya ndefu za mwanzo kabisa kuandikwa na Mwafrika wa eneo hili katika lugha yake ya kwanza.

Msomaji wake wa kwanza aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia alikuwa Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, ambaye alimtia moyo na kuthamini kazi yake. Lakini maoni ya msomaji mmoja hayachapishi kitabu. Wasemaji wa Kikerewe walikuwa wachache, kitabu kilikuwa kinene, na yaliyomo hayakuwa katekisimu wala kitabu cha shule. Sera ya lugha ya wakoloni, tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, ilikuwa imekikabidhi Kiswahili Sanifu nafasi ya lugha ya vitabu. Kwa hiyo muswada ulihukumiwa kabla ya kusomwa. Hukumu yenyewe ilihusu idadi ya wanunuzi tu, na ubora wa kazi haukuingia katika hesabu hiyo.

5.0 Miaka Thelathini na Mitano: Kukua kwa Riwaya ya Upelelezi

Muswada ukiwa Kagunguli, nathari ya Kiswahili ilishika njia nyingine. Tafsiri za mwaka 1929 za Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina zilikuwa zimekwisha kuwazoesha wanafunzi hadithi za hatari, safari na siri. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, akamleta mpelelezi Bwana Msa, mtu wa kiko na akili. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, ambamo upelelezi uliingia mjini Dar es Salaam, kukawa na polisi na simu. Wakati huohuo riwaya za Ian Fleming, zilizoanza mwaka 1953, pamoja na filamu zilizotokana nazo, zilieneza duniani kote sura ya jasusi wa serikali mwenye bastola na ruhusa ya kuua.

Musiba aliuchukua muundo huo akaugeuza uelekeo. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mji ulijaa wapigania uhuru pamoja na wale waliowawinda. Willy Gamba hamtumikii malkia wa Uingereza. Ni mpelelezi wa Afrika huru, na maadui zake ni makaburu, mamluki na vibaraka wao. Kwa hiyo riwaya hii ni ya kijasusi na ya kivita kwa pamoja: mapambano ya siri ni sehemu ya vita vya ukombozi vilivyokuwa vikiendelea kweli.

Msomaji wa riwaya hiyo naye alikuwa amezaliwa upya. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa kitovu cha mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma nchini Tanzania walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mwaka 1977 walikuwa asilimia 27. Hawa walijifunza kusoma kwa Kiswahili. Walipomaliza vitabu vya kisomo walitaka kitu cha kusoma, na mwandishi wa riwaya ya upelelezi aliwapa.

6.0 Maoni ya Wasomaji juu ya Kikosi cha Kisasi

Maoni ya wasomaji wa kawaida juu ya riwaya za Willy Gamba yanaweza kupangwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza linahusu fani: kasi ya matukio, sentensi fupi, na taharuki inayomfanya msomaji asikiweke kitabu chini. La pili linahusu mandhari. Msomaji alifurahi kukuta hoteli, viwanja vya ndege na mitaa ya miji ya Afrika katika hadithi ya aina ambayo hapo awali ilikuwa mali ya London na New York. La tatu linahusu fahari: shujaa ni Mwafrika, anashinda, na ushindi wake ni wa bara zima.

Kwa msomaji wa kandokando ya Ziwa kulikuwa na sababu ya nne. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilijaribu kulipua hifadhi ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala kadhaa. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Msomaji aliyepitia miezi hiyo hakuihitaji riwaya imfundishe kwamba Afrika ina maadui wenye silaha. Aliihitaji impe umbo la hofu aliyokwisha kuionja, na mwisho ambao vita halisi havikuahidi.

Wahakiki wa chuo kikuu waliona vingine. Walisema kwamba Willy Gamba ni James Bond aliyepakwa rangi, kwamba wanawake katika riwaya hizi ni mapambo au mitego, kwamba mauaji yanasimuliwa kana kwamba hayana uzito, na kwamba ushujaa wa mtu mmoja unafunika mapambano ya umma. Hoja hizi zina nguvu, na ile ya wanawake haijapata jibu. Hata hivyo hazielezi kwa nini kitabu kilisomwa mpaka kikachakaa. Mhakiki anayemwona msomaji kuwa amedanganywa tu amekwepa nusu ya kazi yake.

7.0 Kitabu Chafika, Mwandishi Amekwenda

Turudi Kagunguli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig, akiwa na mkewe Charlotte, alifanya utafiti Ukerewe. Walikutana na Kitereza, wakautambua uzito wa muswada, na baadaye wakamtambulisha kwa wasomi kwa makala iliyotoka mwaka 1972. Ushauri uliozaa matunda ulikuwa kwamba aitafsiri riwaya yake kwa Kiswahili. Mzee aliyekwisha kupita umri wa miaka 70, aliyesumbuliwa na maradhi ya viungo, akaketi kuandika upya kitabu chake chote katika lugha nyingine.

Kwa jicho la isimu, tafsiri hiyo ni hati ya thamani. Kiswahili chake si cha pwani wala si cha magazeti ya Dar es Salaam. Sentensi zinafuata mwendo wa msimulizi asiye na haraka. Majina ya mimea, vyombo na desturi ambayo Kiswahili hakina yameachwa katika Kikerewe. Hata jina la kisiwa linatuonyesha safari hiyo: Bukerebe ya wenyewe imekuwa Ukerewe ya Kiswahili, kiambishi na konsonanti vikiwa vimebadilika. Kitereza hakuandika Kiswahili kibaya, kama msomaji mwenye pupa anavyoweza kudhani. Alikitanua ili kibebe maisha ambayo hakikuwa kimewahi kuyabeba.

Tanzania Publishing House, iliyoongozwa wakati huo na Walter Bgoya, ilikubali kukitoa kitabu. Uchapaji ulifanyika China, na chapa ina mwaka 1980. Nakala zilikuwa bado njiani Kitereza alipofariki mwaka 1981. Mtu aliyeandika riwaya nzima kuhusu watu wanaongoja mtoto aliondoka akiwa bado anakingoja kitabu chake.

Mapokezi yalikuwa ya aina yake. Wasomi wa mila na historia walikishangilia kama hazina ya maarifa ya Ukerewe. Wengine waliona kwamba maelezo marefu ya utengenezaji wa pombe au ya uvuvi yanaupooza msuko, na wengine waliuliza kwa nini mwandishi aliyeishi chini ya Wajerumani na Waingereza hakuwataja wakoloni. Nje ya nchi kilipata wasomaji wapya: Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani katika majuzuu mawili, 1991 na 1993, na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenye asili ya Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002, akitumia muswada wa Kikerewe.

Ukiyachunguza maoni hayo utaona kwamba mengi yanaazima kipimo cha riwaya nyingine. Anayelalamika kwamba msuko ni mzito anamtaka Kitereza awe na kasi ya Musiba. Anayemsifu kwa ethnografia pekee anamnyima jina la mtunzi. Lakini riwaya hii ina taharuki yake. Msomaji wa Kikosi cha Kisasi anafunua ukurasa ajue nani atakufa. Msomaji wa Kitereza anafunua ukurasa ajue kama kuna atakayezaliwa. Ile pombe ya ndizi inayosimuliwa kwa urefu ndiyo fidia itakayomrudisha Bugonoka nyumbani. Ikiharibika, ndoa imekwisha. Urefu wa maelezo ndio urefu wa wasiwasi wa Myombekere. Kuhusu ukoloni, kuutazama ulimwengu wa Wakerewe pasipo kumfanya mgeni kuwa kipimo chake ni msimamo, na si usahaulifu.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Kitereza yanatufundisha kwamba maoni ya wasomaji si jambo la mwisho linalokuja kitabu kikishakamilika. Kuna wasomaji wanaohukumu kabla: mchapishaji, mfadhili, mwenye sera ya lugha. Mwaka 1945 hao walihesabu wasemaji wa Kikerewe, wakaona hawatoshi. Riwaya ya kijasusi ilipokuja, hesabu ilikuwa upande wake, kwa kuwa ilikuwa na lugha ya taifa, wasomaji wapya na vita vilivyoeleweka na wote. Musiba alistahili wasomaji aliowapata. Kitereza alistahili wake vilevile, na tofauti kati yao haikuamuliwa na ubora wa kazi pekee.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, kazi iliyobaki ni wazi. Utafiti wa upokezi wa riwaya ya Kiswahili haujawashirikisha vya kutosha wasomaji wenyewe wa Mwanza, Nansio, Musoma na Bukoba, ambao wengi wao waliosoma vitabu hivi vilipotoka sasa ni wazee. Mzee wa Ukerewe aliyemsoma Willy Gamba ujanani na Myombekere uzeeni anaweza kutueleza kuhusu riwaya zote mbili mambo ambayo uhakiki wa maktabani hauna. Kitereza mwenyewe hakupata kumsikia mzee huyo, na sisi tulio hai tuna wajibu wa kwenda kumsikiliza kabla naye hajaondoka.